Nani Hufunguliwa? Kuufuata Msamaha kutoka Kasha hadi Gahini

Makanisani Bukavu kuna neno lisilopingwa: anayesamehe hujifungua mwenyewe. Huku Kasha, kwenye miteremko ya komine ya Bagira, utalisikia katika misa, katika ibada za Kipentekoste, kwenye matanga na kwenye vikao vya ndoa. Mhubiri hulisema, waumini huitikia amina, kisha watu hushika njia ya udongo kurudi makwao. Sina ugomvi na neno hilo. Ninachotaka kujua ni kama limewahi kupimwa. Ni nani waliosamehe kweli, wakafunguliwa kweli, na ushahidi wao uko wapi?

Swali hili si la kupitisha muda. Bukavu imevamiwa na kupiganiwa mara nyingi: 1964, wakati wa maasi, 1967, mamluki walipoukalia mji kwa miezi, 1996, 1998, 2004, na tena Februari 2025. Mzee wa Kasha aliyevuka miaka 70 ameyaona yote hayo. Yako makaburi anayoyajua, na yako mengine asiyojua yalipo. Kumwambia mtu huyo asamehe ni kumtwisha mzigo. Kama neno lile ni la kweli, analihitaji kuliko bugali wa jioni. Kama si la kweli, tunamdhulumu mara ya pili, tena madhabahuni. Nianzie wapi kulipima?

Nilianza na karatasi. Habari za zamani za mji huu hupatikana chini ya jina la kikoloni, Costermansville, lililodumu hadi miaka ya 1950. Bagira haisumbui kuitafuta: ni makazi yaliyojengwa kwa mpango katika miaka hiyo na shirika la serikali ya kikoloni la nyumba za Waafrika, safu kwa safu, barabara zimenyooka. Kasha, iliyo juu yake, ilikua yenyewe, migomba na mihogo kwanza, nyumba baadaye. Kumbukumbu za misheni nilizozipitia zinaandika vituo: parokia, shule, zahanati. Vilima na vijumba havimo. Nani alimwomba nani msamaha kwenye mteremko huu, hakuna aliyejisumbua kuandika. Njia ya karatasi iliishia hapo. Je, midomo ya watu ingenifikisha mbali zaidi?

Wazee wa kanisa wana simulizi iliyonyooka. Mmoja aliniambia bila kusita kwamba mambo ya kusimama mbele ya ndugu, kuungama na kusameheana yalitoka Gahini, Rwanda, wakati wa Uamsho, lile vuguvugu la kiroho lililoanza kwa Waanglikana. Moto uliwaka usiku mmoja, ukavuka mto Ruzizi, ukafika kwetu. Aliisimulia kwa uso uliojaa nuru, nami nilimsikiliza kwa heshima. Lakini simulizi isiyo na kona hunitia shaka. Mambo ya binadamu hayasafiri hivyo, na imani haianzi siku moja kana kwamba kabla yake palikuwa patupu. Je, kabla ya moto huo kilima hiki hakikujua kusamehe?

Tarehe zinajibu. Mapadre Weupe walifungua misheni ya Nyangezi, kusini mwa Bukavu, mwaka 1906, na pamoja nayo kitubio: mtu mmoja, padre mmoja, dhambi zikisemwa kwa kunong'ona. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Wapentekoste kutoka Norwei na Uswidi walikwisha kuingia Kivu ya Kusini. Waanglikana, ambao Uamsho ulizaliwa mikononi mwao, walikuwa Boga, Ituri, tangu 1896 kwa kazi ya Apolo Kivebulaya wa Buganda. Dayosisi yao ya Bukavu ilikuja 1976. Kwa hiyo msamaha ulifika hapa kwa njia zaidi ya moja, na haukuingojea Gahini. Basi kwa nini vidole bado vinaelekezwa Gahini?

Nikavuka Ruzizi, nikapita msitu wa Nyungwe hadi Kigali, kisha nikaelekea mashariki, Kayonza. Gahini imekaa juu ya ziwa Muhazi: kanisa, shule, hospitali. Misheni hiyo ya Kianglikana ilianza katikati ya miaka ya 1920. Daktari Mwingereza, Joe Church, alifika mwishoni mwa muongo huo na kukutana na njaa kali ya 1928 na 1929. Wagonjwa walikuwa wengi kuliko vitanda, wafanyakazi walichoka, na kati ya Waingereza na Waafrika hapakuwa na kuaminiana. Masimulizi yote yanakubaliana juu ya hali hiyo. Yanapofika kwenye moto wenyewe yanaanza kugongana. Uliwaka lini hasa?

Toleo la kwanza linasema Septemba 1929, tena si Gahini bali Kampala. Church, amechoka na amekata tamaa, alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda, kwenye kilima cha Namirembe. Wawili hao wakakaa na Biblia siku mbili na kuomba pamoja. Toleo la pili linataja Krismasi ya 1933, katika mkutano wa Gahini, mtu alipoanza kuungama na wengine wakafuata mmoja baada ya mwingine. La tatu linataja 1936, baada ya kifo cha Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi na mwalimu wa Gahini, aliyefariki Januari mwaka huo akiwa Kampala na ujumbe wa kuliamsha kanisa. Kila toleo lina mashahidi wake. Usiku mmoja haumo. Kama si usiku mmoja, ni kitu gani kilichokuwa kikipita kutoka mtu hadi mtu kwa miaka saba?

Kisa cha Yosiya Kinuka kinajibu vizuri kuliko tarehe. Kinuka alikuwa msaidizi katika hospitali ya Gahini, mtu hodari aliyechoshwa na kazi na kutaka kuondoka. Mwaka 1931 alikwenda Kampala kumwona Nsibambi. Aliulizwa kwa nini hospitali imeharibika. Alipoeleza makosa ya wengine, aliambiwa autazame kwanza moyo wake mwenyewe. Kwa mtu aliyetarajia kuhurumiwa, hayo ni maneno machungu. Alirudi Gahini akiwa mtu mwingine, na akaanzia kwa wale aliofanya nao kazi. Manung'uniko dhidi ya wazungu yalikuwepo, lakini hakungoja mzungu aungame kwanza. Wenzake waliona nini hata wakamwamini?

Waliona vitu vikirudi. Hili ndilo jambo ninalolishika kwa mikono miwili, kwa sababu halitegemei hisia. Uamsho ulipopita Rwanda, Kigezi, Buganda, Bukoba na baadaye Kenya, walioungama walijulikana kwa kurudisha walichoiba: fedha, mifugo, mali ya hospitali. Mtu alikwenda kwa mwenye mali, akakitaja kitu, akakiweka mbele yake. Ombi la msamaha lilikuja na kitu mkononi. Aliyeficha blanketi la wizi chini ya kitanda hulala akisikiliza kila hatua inayopita mlangoni. Akilirudisha, anapata usingizi. Uhuru wa mkosaji nimeuelewa. Lakini je, haya hayakuandikwa na watu waliotaka tuyaamini?

Shaka hiyo ni ya haki. Sehemu kubwa ya kumbukumbu za mwanzo iliandikwa na wamisionari, kwa Kiingereza, kwa wasomaji wa Uingereza waliochangia kazi yao. Karatasi za Church mwenyewe zimehifadhiwa Cambridge. Nsibambi, aliyehubiri kuliko alivyoandika, anatufikia kupitia kalamu za wengine. Kwa hiyo nilitafuta ushahidi kwenye mzozo, kwa sababu palipo na mzozo pana macho ya zaidi ya upande mmoja. Mwaka 1941, katika chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, wanafunzi 26 walifukuzwa, William Nagenda akiwa mmoja wao. Walikuwa wakiamka alfajiri kuomba na wakikemea dhambi waziwazi bila kukubali kuzuiwa. Sihukumu, kila upande ulikuwa na hoja yake. Ninachokitazama ni lawama yenyewe: ilikuwa kwamba ndugu hao wamezidi. Watu hawazozani hivyo juu ya jambo ambalo halikutokea. Basi mkosaji akiungama anapata nafuu; aliyekosewa je?

Kwa hilo nilimgeukia Festo Kivengere, mwalimu kijana wa Kigezi, Uganda, aliyeokoka mwaka 1941. Alimchukia mzungu mmoja, na katika nchi inayotawaliwa chuki hiyo haikukosa sababu. Baada ya kuokoka alipanda baiskeli na, kwa maelezo yake mwenyewe, akasafiri maili zipatazo 50 kwenda kumwambia mtu huyo kwamba alikuwa akimchukia, na kwamba anaomba msamaha. Anayeijua Kigezi anajua maana ya safari hiyo. Ni milima kama ya kwetu: unashuka kidogo, unapanda sana, na kwenye kupanda unashuka kwenye baiskeli na kuisukuma, jasho linakuingia machoni, huku ukiyapanga maneno utakayoyasema mlangoni. Ni kwenye kilima cha ngapi mtu angegeuza akarudi nyumbani?

Hakugeuza. Na safari yake inapindua hesabu tuliyoizoea. Kwa hesabu ya dunia, aliyetawaliwa ndiye anayedai, na mwenye kudai hapandi baiskeli kumfuata mdaiwa ili amwombe radhi. Kivengere hakusema kwamba ukoloni hauna kosa. Alisema kwamba chuki yake mwenyewe ilikuwa imemfunga. Alikwenda kutua sehemu yake, akaiacha sehemu ya mwenzake mikononi mwa mwenzake. Miaka mingi baadaye alikuwa bado akiihubiri safari hiyo. Lakini chuki ya kijana kwa mzungu mmoja ni jambo dogo ukilipima na damu. Je, njia hiyo ingestahimili mauaji?

Ilijaribiwa. Tarehe 16 Februari 1977 Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda, aliuawa na utawala wa nchi yake. Kivengere, wakati huo askofu wa Kigezi, alikimbia na mkewe usiku, kwa miguu, hadi Rwanda. Alikiri baadaye kwamba uchungu ulimjaa, na kwamba aliuona ukimnyonya uhai wa kiroho. Ijumaa Kuu ya mwaka huo, akiwa kanisani London, alitafakari jinsi Yesu alivyowaombea waliokuwa wakimsulubisha, akaona hana ruhusa ya kumtoa mtawala wa nchi yake nje ya maombi hayo. Mwaka huohuo alitoa kitabu kidogo ambacho jina lake lilitangaza kwamba anampenda mtu huyo. Hakuacha kuyasema mauaji waziwazi. Ila msomaji mwenye shaka atauliza, nami nauliza pamoja naye: si rahisi kusamehe ukiwa London?

Ndiyo maana nilitafuta habari za mtu ambaye hakufika London. Yona Kanamuzeyi alikuwa mchungaji wa Kianglikana wa Maranyundo, karibu na Nyamata. Aliwahudumia watu waliong'olewa makwao na kupelekwa Bugesera baada ya machafuko ya 1959. Usiku wa 23 Januari 1964 wanajeshi walimchukua kwa gari pamoja na wengine hadi kwenye daraja la mto. Aliomba nafasi aandike katika shajara yake. Kisha akatembea kuelekea darajani akiimba. Alipigwa risasi, na mwili wake ukatupwa majini. Mwenzake mmoja aliachwa hai, akavuka mpaka kwenda Burundi na kusimulia. Mwaka 1966 Joe Church alitoa kitabu juu ya kisa hicho, na jina la kitabu ni ombi la kuwasamehe wauaji. Habari za mashahidi wa imani hupambwa haraka. Tukiondoa mapambo, kitabaki nini?

Kitabaki kile ambacho mtu aliyesimama karibu angeweza kukiona gizani: mwanamume anatembea, anaimba, halaani. Moyo wake hatuusomi, na siuongezei neno. Lakini hata hicho kidogo kinavunja dhana moja, kwamba kusamehe ni kazi ya walio salama. Yona hakuwa na pasipoti mfukoni wala kesho ya kuingojea. Kama palikuwa na uhuru juu ya daraja lile, haukutoka kwa mtu aliyeshika bunduki. Ningetamani safari iishie hapo. Historia hairuhusu. Nchi ya Gahini ndiyo nchi ya 1994. Uamsho ulikuwa wapi?

Hapa njia inakuwa ngumu kupitika. Miaka 60 na ushei baada ya Krismasi ile ya Gahini, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, waliobatizwa waliuawa na waliobatizwa, na wengi waliokimbilia makanisani waliuawa humohumo. Kanisa Katoliki la Nyamata, katika Bugesera ileile ya Yona, leo ni mahali pa kumbukumbu. Nguo za waliouawa zimerundikwa kwenye mabenchi, benchi hadi benchi. Ukisogea unaona ukosi wa shati, kitenge kilichofifia, kigauni cha mtoto kilichogeuka rangi ya udongo. Mbele ya kigauni hicho, lile neno la kwamba anayesamehe hujifungua halikunitoka kinywani. Ni nini kilichokosekana katika kuungama kote kule?

Majibu mawili hutolewa. La kwanza: Uamsho ulimfundisha mtu kuungama wizi, uzinzi, ulevi na wivu, lakini haukumfundisha vya kutosha kuikana chuki dhidi ya kabila zima, ile iliyoandikwa kwenye vitambulisho na kutangazwa redioni. La pili: wako waumini ambao siku zile waliwaficha majirani zao, na wengine walikufa pamoja nao. Nimeyapima majibu haya na sioni kwamba yanapingana. Msamaha wa mtu kwa mtu uliwashikilia baadhi hadi kifo. Peke yake haukuweza kuuzuia uongo uliokwisha kukaa kwenye sheria na kwenye vinywa vya wengi. Hapo nikapata kanuni ya kwanza: msamaha haushiki nafasi ya ukweli. Na ubaya ukishatendeka, je, watu wanaweza kusameheana kwa ratiba ya serikali?

Rwanda ilijaribu kitu kinachokaribia hapo. Mahakama za gacaca, zilizoanza kwa majaribio mwaka 2002 na kufungwa 2012, zilisikiliza kesi karibu milioni 2, majirani wakiwa ndio mahakimu. Aliyekiri na kuomba msamaha alipunguziwa adhabu. Faida yake haisemeki: familia nyingi ziliambiwa hatimaye miili ya ndugu zao iko wapi. Udhaifu wake nao unaonekana. Ombi la msamaha likiambatana na punguzo, mwombaji huweza kuwa anaokoa miaka yake tu. Na mjane akiulizwa mbele ya kijiji kizima kama amesamehe, ni vigumu kusema bado. Ikiwa msamaha ni mlango wa uhuru, unawezaje kuamriwa?

Na swali hilo nilirudi Bukavu, nikashuka hadi njia panda ya Nyawera. Motari hupiga honi, mama hupita na beseni kichwani, na ni wachache wanaosimama. Hapa, tarehe 29 Oktoba 1996, aliuawa Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, Mjesuiti, mzaliwa wa Kivu ya Kusini. Katika miaka yake ya mwisho aliandika barua baada ya barua akiwatetea raia wa mji wake, na pia wakimbizi waliomiminika kutoka Rwanda mwaka 1994. Alikataa watu wote wa kabila moja wahukumiwe kwa makosa ya baadhi yao, na alisema hivyo wakati ambapo kusema kulikuwa na gharama. Hatuna haja ya kumtungia maneno ya mwisho. Barua zake zinatosha. Baada yake, nani aliishika fimbo ya uchungaji?

Ni Emmanuel Kataliko, aliyetoka Butembo mwaka 1997. Ujumbe wake wa Krismasi ya 1999 haukuwaomba watu wasahau. Uliutaja uporaji na uonevu waziwazi, na ukawataka waumini wasimame bila silaha na bila kukata tamaa. Februari 2000 alizuiwa kukaa Bukavu, akapelekwa Butembo. Aliruhusiwa kurudi Septemba. Wiki chache baadaye, tarehe 4 Oktoba, alifariki Roma. Anayedhani mtu wa msamaha ni mtu wa kufumba macho na asome habari za maaskofu hawa wawili. Waliutaja ubaya, na hawakumfungia mtu mlango. Lakini wao walikuwa wachungaji wenye mimbari. Wale walioumizwa miilini mwao, wasio na mimbari, tuwaambie nini?

Denis Mukwege, mwana wa mchungaji wa Kipentekoste wa Bukavu, ameishi na swali hili kuliko wengi wetu. Alikuwa daktari wa hospitali ya Lemera, iliyoshambuliwa Oktoba 1996, wagonjwa wakauawa vitandani. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi, ambako wanawake waliobakwa vitani hutibiwa. Alipopokea Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2018 aliikumbusha dunia juu ya ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010, yenye matukio 617 ya ukatili mkubwa yaliyotendeka Kongo kati ya 1993 na 2003, na jinsi ilivyoachwa kabatini. Ni mtu wa maombi, na anadai mahakama. Katika maisha yake mambo hayo mawili hayagombani. Kwa nini basi hugombana katika mahubiri yetu?

Huenda kwa sababu tunasoma nusu. Mahubiri mengi ya msamaha hutoka Mathayo 18, pale Petro anapouliza asamehe mara ngapi, na unapofuata mfano wa mtumwa aliyefutiwa deni lisilolipika kisha akamkaba mwenzake kwa deni dogo. Ni mfano mkali, na sina ruhusa ya kuulegeza: asiyesamehe anaishia kifungoni. Lakini rudi juu kidogo katika sura hiyohiyo, aya ya 15 hadi 17. Hapo aliyekosewa anaagizwa amwendee mkosaji na kumweleza kosa lake. Asiposikia, aende na mashahidi. Asiposikia tena, kanisa liambiwe. Kosa linatajwa kabla ya deni kufutwa. Na Zakayo, katika Luka 19, aliahidi kurudisha mara nne. Ni wapi katika kurasa hizo aliyejeruhiwa anaambiwa anyamaze ili wengine wapate raha?

Sijapaona. Hata hivyo ndivyo tunavyofanya. Mpaka wa shamba umesogezwa usiku, au binti ameharibiwa na mtu wa nyumbani, kikao kinaitwa, na mkubwa mmoja anakohoa na kusema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali hiyo ni hekima ikitoka kwa aliyeumia. Ikitoka kwa aliyeumiza, au kwa yule anayetaka tu kikao kiishe, inamfunga mtu mdomo. Binti anaambiwa asamehe kama Mkristo mwema. Mkosaji anapewa kiti na soda. Kesho yake wanakutana kwenye bomba la maji, na anayeinamisha uso ni binti. Nani amefunguliwa hapo?

Sasa niseme nilichokipata. Neno la makanisani ni la kweli. Watu waliolithibitisha walikuwa na akili timamu na ujasiri, na maisha yao yalibadilika mbele ya macho ya wengine. Lakini neno hilo limefika kwetu likiwa limekatwa. Katika visa vilivyosimama baada ya kupimwa nimekuta mambo matatu. Kosa lilitajwa kwa jina lake. Aliyesamehe hakulazimishwa na mtu. Na alisamehe la kwake tu. Hakujitwalia haki ya kusamehe kwa niaba ya marehemu au ya jirani. Mambo hayo yalipokuwepo, mtu aliondoka mwepesi. Yalipokosekana, palibaki ukimya ulioitwa amani. Je, hii ina maana kwamba anayemngojea mkosaji asiyerudi, asiyeungama kamwe, atabaki kifungoni milele?

La. Kivengere hakuombwa radhi na mtawala yule. Munzihirwa na Kataliko hawakungoja walio na nguvu waungame ndipo wawapende watu. Kosa laweza kutajwa mbele za Mungu na mbele ya ndugu anayeaminika, mkosaji awepo asiwepo. Kisha moyo ukaacha kudai kisasi, na mahakama ikaachiwa kudai haki. Kwa hiyo nakuomba, baba mchungaji, mheshimiwa padre, wewe unayehubiri Kasha: usimwambie mama aliyepoteza watoto asamehe kabla hujamsikiliza hadi mwisho. Wewe uliyesogeza mpaka wa jirani, urudishe leo, ndipo uende kusali. Nawe uliyejeruhiwa, usikubali kuharakishwa na yeyote, lakini usiuruhusu uchungu ukutawale miaka yako iliyobaki. Tafuta mtu mmoja mwaminifu, ulitaje lile kosa kama lilivyo, na uanze. Msamaha wa namna hiyo hauwaibii wafu haki yao, na humrudishia aliye hai maisha yake.